Mchicha wa Mirongo

SWALI: Bwana Shamba, shikamoo. Nalima mchicha kando ya Mto Mirongo, hapa Mabatini, Mwanza. Juu yangu kuna gereji. Maji ya betri na oili chafu huishia mtoni. Mchicha unanawiri kweli kweli. Mume wangu anasema ungekuwa na sumu ungeshakufa. Ni kweli? – Mama Neema

JIBU: Marahaba, mama. Shemeji hapo kakosea. Mmea ukinyonya kadimi, metali yenye sumu inayoweza kuwamo kwenye oili chafu, hutumia kemikali yake iitwayo glutathioni kuunda fitokelatini, nyuzi fupi zenye salfa inayoing'ang'ania metali. Mzigo huo husukumwa kwenye kifuko kikubwa ndani ya seli na kufungiwa humo, kama mlevi aliyeshikwa na mgambo. Prolini, kijenzi kimoja cha protini, nayo huongezeka, ikiisaidia seli kuhimili. Basi jani linabaki kijani, na kadimi imo humo humo. Risasi, ile metali ya betri, hukwama zaidi mizizini, ila tope lake hushika majani; hilo lioshe litoke. Sumu iliyo ndani haiishi kwa kuosha wala kuchemsha. Chokaa ya kilimo hupunguza kadimi kunyonywa kwenye udongo wenye asidi, lakini mimi mboga hiyo nisingeila, sembuse kuipeleka soko la Mlango Mmoja! Hapo mtoni panda maua ya kuuza. Mchicha uhamishie nyumbani, hata kwenye viroba, umwagilie maji ya bomba.