Mbegu zipo, Baba

SWALI: Jambo Mama Muuguzi. Nilikuwa nateremsha viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, mpira wa breki ukakatika, nikaangukia mgongo. Huu ni mwaka wa tatu niko kwenye kiti cha magurudumu, sihisi kitu kuanzia chini ya chuchu. Vidonge vya sildenafili vinasimamisha uume, lakini manii hayatoki. Mama yangu anamwambia mke wangu arudi kwao. Je, nitazaa? (Msomaji, Birere, Goma)

JIBU: Jambo Baba. Mama aelewe kwanza kwamba mke wako hana kosa. Na wewe, korodani zako zinaendelea kutengeneza mbegu. Kwa walioumia hivyo idadi mara nyingi ni nzuri, ila nyingi hazina mwendo. Kilichokatika ni amri ya kutoa manii. Kidonge hakiileti, kwa hiyo usiongeze dozi.

Jeraha lako liko juu, nalo hilo linakusaidia. Kuna mashine ndogo ya kutetemesha: mitikisiko 100 kwa sekunde, upana milimita 2.5, huwekwa chini ya kichwa cha uume dakika mbili tatu. Walioumia kwenye pingili ya kumi ya uti wa mgongo, sehemu ya kifua, au juu yake, wengi hutoa manii kwa njia hiyo.

Ila usianzie nyumbani, nakuomba. Jeraha la pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kama lako, linaweza kupandisha presha ghafla. Hapa Bukavu nilimshika mkono kijana mmoja: jasho likamtiririka usoni, akalia kwamba kichwa kinapasuka. Tuliondoa mashine, tukamkalisha wima, presha ikashuka. Mara ya kwanza daktari awepo, na kipimo cha presha kiwe mkononi mwako.

Manii yakitoka ya kahawia kama chai ya rangi, msiyamwage! Hutokea, na mbegu huwa zimo. Tibu maambukizi ya mkojo, kisha zipimwe kwa darubini. Zikiwa na mwendo wa kutosha, na mke wako akiwa hana tatizo, daktari atawafundisha kuziingiza ukeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, siku yai linapokaribia kutoka.

Mashine ikishindwa, hospitali zenye vifaa hutumia umeme kupitia njia ya haja kubwa. Anayetaka kukuchoma sindano kwenye korodani ili atoe mbegu kabla ya hayo, muulize sababu: mbegu za huko huhitaji maabara ya kuzitungisha na yai, na gharama yake ni nzito.

Nenda na mke wako. Siku za yai anazijua yeye.