Maswali ya Wasomaji: John Coleman na Mechi Zake 98

SWALI: Mhariri, mimi ninaishi Melbourne, na mwanangu amejiunga na timu ya kandanda ya Australia, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai unaopigwa kwa mguu na kudakwa kwa mikono, shuleni kwake. Kila msimu nasikia Medali ya Coleman ikitolewa kwa mfungaji bora wa ligi, lakini nimeambiwa kwamba Coleman mwenyewe hakufikisha hata mechi 100. Ilikuwaje akaenziwa kiasi hicho?
Mzazi, Melbourne

JIBU: Ndugu mzazi, uliyoambiwa ni kweli. John Coleman aliichezea klabu ya Essendon mechi 98 tu, kuanzia mwaka 1949 hadi 1954, lakini katika mechi hizo alifunga mabao 537, yaani zaidi ya matano kwa kila mechi.

Alizaliwa Port Fairy, katika jimbo la Victoria, mwaka 1928. Siku alipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, dhidi ya Hawthorn, alifunga mabao 12, na msimu huo akaumaliza na mabao 100 kamili, la mwisho likipatikana katika dakika za lala salama za fainali ambayo Essendon iliilaza Carlton kwa alama 125 kwa 52. Mwaka 1950 alifunga 120, na ubingwa ukabaki Essendon.

Silaha yake kubwa ilikuwa kuruka. Kama ulivyoona kwa mwanao, anayeudaka mpira uliopigwa kwa mguu kabla haujagusa chini hupewa nafasi ya kuupiga bila kuzongwa. Coleman alikuwa akichomoka nyuma ya beki, magoti yakifika mabegani mwa mpinzani wake, akaunyakua mpira juu ya vichwa vya wote, kisha akarudi nyuma kwa utulivu na kulenga kati ya milingoti miwili mirefu, ambako bao lina thamani ya alama 6.

Mabeki walioshindwa kumzuia angani walimsumbua kwa mikono. Mwaka 1951, katika mechi ya mwisho kabla ya hatua ya mtoano, Harry Caspar wa Carlton alimpiga, naye akarudisha, na baraza la nidhamu likawafungia wote wawili mechi nne, ingawa lilisikia ushahidi kwamba Coleman ndiye aliyechokozwa. Alitoka kwenye kikao hicho akilia. Essendon ilifika fainali bila yeye, ikashindwa na Geelong kwa alama 11, pengo ambalo mabao mawili yangetosha kuliziba. Kwangu mimi, adhabu ile ilikuwa ya uonevu, kwani haikumtenganisha mchokozi na mchokozwa.

Alirejea na kufunga 103 mwaka 1952 na 97 mwaka 1953. Mwaka 1954 aliifunga Fitzroy mabao 14, na katika mechi iliyofuata, dhidi ya North Melbourne, goti lake likateguka vibaya. Alijitahidi kurudi, ikashindikana, akatundika daluga akiwa na umri wa miaka 25. Baadaye aliifundisha Essendon kuanzia 1961 hadi 1967 na kuipatia ubingwa mara mbili, 1962 na 1965. Alifariki mwaka 1973, akiwa na miaka 44.

Medali yenye jina lake ilianza kutolewa mwaka 1981, na mabao yanayohesabiwa ni yale ya msimu wa kawaida peke yake, kabla ya mtoano. Kwa kanuni hiyo, lile bao lake la 100 la mwaka 1949 lisingehesabiwa.