Watoto wa mdogo wangu wamechukuliwa huko Marekani

SWALI: Mama Mshauri, nakusalimu kwa heshima. Mdogo wangu alitoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akapelekwa Marekani kama mkimbizi pamoja na watoto wake watatu. Anafanya kazi ya usiku kiwandani, na msichana wake mkubwa wa miaka 11 ndiye aliyekuwa akibaki na wadogo zake. Wahudumu wa serikali walikuja nyumbani, wakamfanya huyo msichana mkalimani, kisha wakawapeleka watoto wote kwa watu wasiowajua. Huku kwetu Kadutu, mjini Bukavu, wanasema watoto wameuzwa. Mdogo wangu anauliza kama akane kwamba aliwaacha peke yao. Nami nauliza: naweza kuomba waletwe kwangu Bukavu?

JIBU: Mama mpendwa, pole wewe na mdogo wako, na pole zaidi iwafikie watoto hao waliojikuta katika nyumba ambamo hakuna anayejua lugha yao. Hawajauzwa. Wako chini ya ulinzi wa serikali ya jimbo, na atakayeamua mwisho wa jambo hili ni hakimu, si yule mhudumu aliyebisha hodi. Kila jimbo lina sheria yake, lakini shitaka linaloongoza kote Marekani si kipigo bali ni kutotunzwa, na mtoto kubaki bila mtu mzima huweza kuhesabiwa humo. Majimbo mengi hayakutaja umri ambao mtoto anaweza kuachwa nyumbani, kwa hiyo mengi hutegemea jicho la mhudumu.

Hapo ndipo penye ugumu. Kwetu Kadutu, msichana anayembeba mdogo wake mgongoni huku akisonga bugali hayuko peke yake: shangazi yuko nyuma ya ukuta, nyanya yuko ng'ambo ya uchochoro, na mama yeyote wa jirani akisikia kilio ataingia bila kuitwa. Katika ghorofa za kule mlango umefungwa, jirani hajui hata majina ya watoto, na moto ukiwaka usiku huenda asijue kuwa wamo ndani. Mhudumu hakukosea kuiona hatari hiyo. Alikosea kumtumia mtoto kutafsiri, kwa maana msichana wa miaka 11 atawezaje kuyatamka mashitaka ya mama yake mbele ya mama yake? Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazidai idara zinazopokea fedha za serikali kuu zihakikishe kwamba asiyejua Kiingereza anaelewa na anaeleweka. Mdogo wako aombe mkalimani mtu mzima, wa Kiswahili cha kwetu au wa lugha ya Mashi, na akiletewa mtu wa kanisani kwake ambaye anahofia atatoa siri, aombe mwingine bila kuona haya.

Mhudumu anayejua kazi yake huiuliza familia ya wakimbizi kabla ya kuandika lolote. Akikuta watoto watatu kwenye godoro moja, huuliza kama wamekosa godoro au wamezoea kulala hivyo tangu kambini. Mtoto akiinamisha macho mbele ya mkubwa, haandiki kwamba anaficha jambo. Akiona nyumba nzima imeandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, hashuku udanganyifu, kwa kuwa wakimbizi wengi waliandikishwa hivyo. Akisikia mtoto akiwaita wanawake watatu mama, huchukua majina yote matatu, maana huenda mmoja wao ndiye atakayempokea. Wahudumu wa namna hiyo wapo, lakini wengine hawakufundishwa, na mzigo wa kueleza humwangukia mzazi.

Kwa hiyo asikane. Watoto wenyewe wameshasema, na uongo ukifichuka hakimu hatamwamini tena hata anaposema kweli. Azungumze kwanza na wakili, ambaye majimbo mengi humpa mzazi asiye na uwezo, kisha aeleze kwa nini aliwaacha na nani atakaa nao usiku sasa. Nami nasema wazi kwamba mila haiwezi kufunika kila kitu. Barua yako haitaji fimbo, lakini barua nyingine ninazopokea zinaitaja, na hata hapa kwetu Kongo sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto, na inakataza kumtuhumu uchawi.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni muda. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1997, mtoto akikaa katika ulezi wa serikali miezi 15 kati ya 22 ya mwisho, idara ya ustawi wa watoto kwa kawaida hutakiwa kuiomba mahakama ikomeshe haki za mzazi, ingawa inaweza kuacha kufanya hivyo ikiwa mtoto anatunzwa na ndugu. Asikose siku hata moja ya kuwatembelea, na mafunzo atakayoamriwa ayafuate. Yakiwa kwa Kiingereza pekee, alalamike kwa maandishi mapema.

Hapa ndipo na wewe unapoingia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inaitaka idara hiyo iwatafute na kuwaarifu ndugu watu wazima ndani ya siku 30 tangu mtoto aondolewe. Mhudumu hawezi kuujua ukoo wenu. Mwandikie mdogo wako orodha ya baba wadogo, mashangazi na binamu walioko Marekani, na kwa kila mmoja ueleze undugu wake kikamilifu, tena kwa upande wa nani, pamoja na namba ya simu. Kuwaleta Bukavu usikutegemee: hakimu atasita kuwarudisha watoto katika nchi ambayo familia yao iliikimbia, na hali ya mji wetu tangu waasi wa M23 walipouteka Februari 2025 unaijua mwenyewe. Tuma pia vyeti vya kuzaliwa au vya ubatizo kama vipo, na umwombe mdogo wako ampe wakili namba yako, ili akihitaji shahidi wa undugu huo akupigie.