Hakuna Tukio: Kwa Mstaafu Anayetaka Kuandika Hadithi

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na mstaafu mwenzangu, aliyekuwa mhasibu serikalini, akiniuliza aanzie wapi, kwa kuwa tangu atimize miaka 60 na kukabidhi ofisi ana riwaya kichwani, lakini kila akishika kalamu yanamtoka maneno ya ofisini. Nilicheka peke yangu, maana ugonjwa huo nimeuugua.

Mimi nilikuwa mkuu wa stesheni katika reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kwa miaka yote hiyo, kuandika kwangu kulikuwa kujaza daftari la treni na kupeleka taarifa. Nilipostaafu nilijifungia miezi minane nikatoka na riwaya ya kurasa 312, nikampa mjukuu wangu wa kidato cha pili asome sura ya kwanza. Baada ya kurasa tatu akaniuliza, “Babu, hii barua unampelekea nani?” Mhusika wangu mkuu alikuwa “mtajwa hapo juu”, na posa yake “ilishughulikiwa kwa mujibu wa taratibu”.

Sikumsikiliza. Nilimega kiinua mgongo nikampa mchapaji mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, aliyeniahidi nakala 500 na kuzisambaza madukani. Zililetwa na kirikuu hadi mlangoni kwangu, kurasa za 97 hadi 112 zikiwa zimejirudia mara mbili na kumi na sita zilizofuata hazipo kabisa, na usambazaji ukaishia hapo. Maboksi yako chini ya kitanda hadi leo. Mke wangu huyazunguka kwa ufagio bila kusema neno, na heri angegomba. Kwa hiyo, ndugu yangu, usitoe hata shilingi ya pensheni yako kabla mswada haujasomwa na mtu asiyekuonea haya.

Kilichoniokoa ni usiku mmoja wa Mlimba. Treni ya abiria ilikuwa imesimama, na mama mmoja muuza wali alikuwa amempa abiria sahani kwa dirishani, wali na perege wa kukaanga, akingojea fedha. Mimi ndiye niliyeinua taa ya kijani. Treni ikaondoka, mama akakimbia sambamba na behewa akiwa amenyoosha mkono, mpaka jukwaa likamwishia. Aliporudi alikuwa na kandambili moja mguuni. Akaniamkia, akaniomba taa aitafute ya pili kwenye mataruma, wala sahani hakuitaja. Mimi nikaingia ofisini nikaandika: “Treni imeondoka saa 8:10 usiku. Hakuna tukio.”

Maneno hayo mawili yalinikaa rohoni miaka. Siku nilipoyaandikia hadithi, ya kurasa sita tu, hakukuwa na mtajwa wala taratibu ndani yake. Ilisomwa redioni, tena ikarudiwa, nami sifichi kwamba mara ya pili nilipandisha sauti ili majirani wasikie.

Sisi wastaafu tuna kasoro moja kubwa: tunadhani umri umetupa haki ya kuhutubia. Tunaandika vijana wanaoharibikiwa kwa kutotusikiliza, na mabosi waliotudhulumu tunawageuza wachawi. Acheni. Msomaji hana deni nanyi. Wala msiseme kazi iliwakausha, kwa sababu Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha na aliandika hivyo hivyo, akafariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53, bila kuufikia umri ambao sisi tunauita wa kuanza. Andika kila siku, hata ukurasa mmoja, na usome kwa sauti. Sentensi ya ofisini huonekana ulimi unapokwama. Mimi huandika alfajiri, kwa sababu saa hizo nilizoea kupokea treni ya mizigo.

Na wewe mhasibu, iache kwanza hiyo riwaya. Unazikumbuka sura za watu waliopanga foleni dirishani kwako siku za mshahara, na hesabu zilizofungwa sawasawa huku mtu akiondoka na machozi. Chagua mmoja wao, uanze na vidole vyake alivyokuwa akihesabu noti mara ya tatu.