Maumbo ya bakteria: maswali yenu wiki hii

*Mwalimu, usaha wa jipu la mwanangu umepimwa, na karatasi ya maabara inasema "kokasi, Gram chanya, vichala". Niogope? (Mama, Mwanakwerekwe)*

Usiwe na hofu, mama. Kokasi ni bakteria wa mviringo. Hawa wa vichala hugawanyika kila mara kwa upande tofauti, na wanaozaliwa hawaachani, ndiyo maana wanaonekana wamelundikana. Kwenye majipu mara nyingi huwa ni stafilokokasi, ambao watu wengi wanao puani na ngozini bila kudhurika.

Hiyo "Gram chanya" ndiyo habari kubwa. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akiwa Berlin, alibuni njia ya kuwapaka bakteria rangi ya zambarau kisha kuwaosha kwa spiriti. Wenye ukuta mnene huishika rangi, na hao ndio Gram chanya. Wenye ukuta mwembamba, uliofunikwa na utando mwingine kwa nje, huipoteza. Wakipakwa rangi ya pili huonekana waridi. Dawa inayompata wa zambarau inaweza kushindwa kabisa kuupenya ule utando wa nje wa mwenzake. Kwa hiyo karatasi hiyo mpelekee daktari kwanza, kabla ya kupita duka la dawa.

*Kwa nini streptokokasi hupangana mnyororo? Na nini kinachompa bakteria umbo lake? (Mwanafunzi, Wete)*

Streptokokasi hugawanyika kwa upande uleule siku zote, basi hutokea mstari kama punje za tasbihi. Yule wa nimonia huishia wawiliwawili. Sarsina hugawanyika kwa pande tatu na kufanya mafungu ya wanane.

Umbo linatokana na ukuta, uliojengwa kwa peptidoglikani, yaani wavu mgumu wa sukari na vipande vya protini. Mvue ukuta bakteria wa fimbo, ukimweka kwenye maji ya chumvi au sukari ya kutosha asipasuke, atageuka mviringo. Hapa ndipo penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, inapofanyia kazi: inazuia ujenzi wa ukuta, maji yanaingia, bakteria anapasuka. Bakteria aitwaye mikoplazima hana ukuta tangu asili, kwa hiyo penisilini haimgusi. Mwanangu, ukilishika hili la ukuta, sehemu kubwa ya mada hii utaielewa bila kukariri.

*Bakteria wana kiini cha seli? (Kidato cha pili, Mkoani)*

Hawana. DNA yao, kwa kawaida duara moja, imo ndani ya saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, bila utando wa kuizunguka.

*Mdudu wa kipindupindu yukoje, na kuchemsha maji kunamuua? (Mvuvi, Mkokotoni)*

Ni fimbo fupi iliyopinda, yenye mkia mmoja nchani. Kwa mkia huo huogelea kwa kasi mpaka kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Maji ya chumvichumvi ya mwambao anayaweza vizuri, kwa hiyo sisi watu wa visiwani tuna sababu ya kumjua. Unguja iliumia sana naye mwaka 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi hapa, aliandika kitabu juu ya milipuko hiyo. Robert Koch alikuja kumtenga mdudu mwenyewe mwaka 1884 huko Calcutta. Maji yakitokota barabara, anakufa. Yafunike baada ya hapo, na usiyachote kwa mkono.

*Nimechomwa na msumari shambani. Nikiuchemsha wembe nikasafisha kidonda mwenyewe, pepopunda haitanipata? (Mchuma karafuu, Chake Chake)*

Hapana, ndugu yangu, kuchemsha hakutoshi. Bakteria wa pepopunda ni fimbo inayovimba ncha moja, na mle kwenye uvimbe mna spora, mbegu yenye maganda magumu inayokaa udongoni miaka mingi. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 spora huweza kuyastahimili. Hospitali huziua kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, dakika 15. Tundu la msumari ni refu na halina hewa, na huko ndiko spora huamka. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya leo hii ukaulizie chanjo. Usingoje taya zianze kukaza.