Jukwaani sawa, mbele ya kamera "unazidisha"

Ndugu, nimekuelewa: umezoea jukwaa, sasa umetakiwa kutuma video ya usaili wa filamu, na waliokuona wanasema unazidisha. Ni kawaida. Jukwaani unamwigizia aliyeketi safu ya mwisho. Kamera iko hatua mbili kutoka usoni mwako na inaona hata kope zikicheza.

Anza na sauti. Ongea kwa kiasi cha kumfikia mwenzako tu, siyo chumba kizima. Uso nao utatulia. Usipunguze hisia, punguza ishara: nyusi, mikono, kichwa.

Simu ilale kwa upana kwenye stendi, usawa wa macho. Fremu ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Ukuta wa nyuma uwe mtupu, mwanga utoke mbele (dirisha linatosha). Anayekusomea mistari ya mwenzako asimame ubavuni mwa lenzi, karibu nayo kabisa, na asome kwa sauti ya chini kuliko yako, maana yuko karibu na maikrofoni. Wengi huharibikiwa hapo. Usiitazame lenzi ila unapojitambulisha. Rekodi mara tatu au nne, basi. Ya kumi na tano huwa imekauka. Maelekezo ya waliokuomba video yakitofautiana na haya, fuata yao.

Anayedai ada ya usaili, picha za utupu au kukutana faraghani usiku, achana naye. Mkataba ukija, mwanasheria ausome kabla hujasaini, hasa muda utakaokufunga na haki za kutumia sura na sauti yako.