Bibi aliyetulia baada ya sindano: nenda ukampime sukari sasa

Mdogo wangu, umeuliza maswali manne kuhusu wodi ya afya ya akili uliyopangiwa: mtoto asiyezungumza, kijana anayejikata mikono, mama aliyejifungua na kumkataa mwanawe, na wazee. Kisha mwishoni, kana kwamba unasimulia mvua ya juzi, umeandika kwamba jana jioni aliletwa bibi wa miaka 71 anayezungumza na ukuta tangu Jumanne, tabibu akaandika haloperidoli, sindano ya kutuliza, na benzeksoli, kidonge cha kupunguza madhara yake, ukachoma na ukampa, na sasa bibi "amelala vizuri, alhamdulillah". Usiendelee kusoma. Nenda ukamwamshe. Hesabu anavyopumua, mpime presha, joto na oksijeni, mchome kidole umpime sukari, na kama haamki kwa kuitwa, mwite tabibu hata kama ndiyo kwanza amelala.

Nilikuwa katika mwezi wa pili wa kazi, zamu ya usiku, katika hospitali moja ya wilaya huku pwani ambayo sitaitaja. Vijana wawili walimleta baba yao, mzee mvuvi, wakiwa wamemfunga viganja kwa kanga ya mama yao, wakaeleza kwamba tangu alfajiri anatukana watu na hamtambui mtu yeyote, na kwamba jirani amekwisha kuwaambia ni majini. Mzee alikuwa ametota jasho hadi kikoi kimemganda mapajani. Nilijiambia kuwa ni joto la Machi, ingawa feni ilikuwa ikipuliza hadi karatasi za mezani zinaruka. Tulipomfungua, vidole vyake vilianza kushona wavu hewani: anaingiza sindano, anavuta uzi, anakaza fundo, anapima jicho la wavu kwa kidole gumba, kisha anaanza upya. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaona vitu visivyokuwepo, na nikajisifu moyoni kwa kuwa na jicho la kitaalamu.

Mkewe alisimama mlangoni akihangaika kufungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akaniambia, "Mwanangu, mzee ana vidonge vyake hivi." Nami, kwa ile sauti ya upole tunayoitumia tunapotaka watu watuondokee, nikamjibu, "Mama, naomba usubiri nje kidogo." Alichokuwa akikifungua ni kibahasha cha duka la dawa chenye glibenklamidi. Mzee alikuwa na kisukari, hakuwa ametia chakula tumboni kwa siku mbili, na wanawe, kwa nia njema kabisa, walikuwa wakihakikisha kila asubuhi anameza kidonge chake cha kushusha sukari.

Kiongozi wa zamu, sista mwenye zaidi ya miaka 20 kazini, alimtazama mzee kutoka umbali wa vitanda vitatu akasema, "Wazee ndivyo walivyo, mtulize alale." Naomba uniwie radhi, lakini bado nina hasira naye, na nina hasira zaidi na mwalimu wetu wa chuo aliyetufundisha somo la magonjwa ya akili kana kwamba mgonjwa ana kichwa tu na mwili wake umebaki wodi nyingine. Nilichoma haloperidoli miligramu 5, wakati kwa mzee wa umri ule, hata pale dawa hiyo inapohitajika kweli, huanza na nusu miligramu au karibu na hapo. Mzee akanyamaza, nasi tukanywa chai. Katika kitabu cha makabidhiano niliandika, kwa mwandiko mzuri ambao mama yangu angejivunia, "Mgonjwa ametulia, hana tatizo." Mashine ya sukari ilikuwepo usiku kucha. Ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, chini ya chapati nilizozifunga kwenye gazeti. Kwa hiyo nisije nikasingizia uhaba wa vifaa vya Serikali.

Saa kumi na mbili asubuhi sukari ilisoma 1.6 (milimoli kwa lita), chini mno. Tulimpa dekstrosi, yaani maji ya sukari, kwenye mshipa, akafumbua macho, tukashangilia mapema mno, maana glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa zimechoka, na ilipofika alasiri sukari ilishuka tena. Alibaki kwenye dripu siku mbili nzima. Aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, akitembea kwa kushikwa mkono, akimwita mkewe kwa jina la dada yake. Mkewe alinishukuru na kuniletea papa mkavu. Sikuweza kumla.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeibandika kwa plasta kwenye droo ileile: hakuna sindano ya kutuliza kabla ya kipimo cha sukari, joto, mapigo, upumuaji, presha na oksijeni. Mgonjwa akiwa na fujo kiasi kwamba hashikiki, basi watu wanne wamshike kwa dakika moja, kidole kichomwe. Mzee aliyekuwa na akili zake Ijumaa na akazipoteza Jumanne ni mgonjwa wa mwili hadi uthibitishe vinginevyo: mkojo una maambukizi, mapafu yana nimonia, ana malaria, amekaukiwa na maji, au ameongezewa dawa mpya. Usisubiri homa ndipo uamini, kwa sababu wazee wengi huugua bila kuchemka. Ugonjwa wa kusahau huja kwa miezi na miaka. Huu mchafuko wa akili unaoletwa na mwili, unaoitwa delirium, huja kwa saa na siku, tena hupanda na kushuka, asubuhi anakujibu na jioni hakujui. Mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Ijumaa. Hata bibi ambaye hakusoma anazijua, lakini mwenye hali hii hufika Jumatano akapotea, akaanza kutazama dari. Ukishamlaza kwa dawa, dalili hiyo imekwenda nayo, na kitanda kitakuonyesha mtu aliyelala tu.

Na hiyo benzeksoli, sijui ni nani aliyetuzoesha kuiandika pamoja na haloperidoli kama chumvi na ugali. Kwa mzee hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo na yenyewe huchanganya akili. Bonyeza tumbo la bibi chini ya kitovu. Ukikuta limejaa na gumu kama boga, anahitaji mpira wa mkojo, na huenda nusu ya kelele zake zilikuwa ni hiyo. Muulize tabibu, kwa heshima lakini bila kuogopa, kama dawa hiyo ina kazi gani hapo.

Maswali yako mengine naona nimeyapita. Kijana anayejikata, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa maana kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mama mzazi, kabla hamjasema ni wazimu wa uzazi, mpimeni joto na presha, kwa sababu maambukizi ya kizazi na kifafa cha mimba huja hata baada ya kujifungua. Mtoto aliyebadilika ghafla, ni yaleyale: damu ya malaria na sukari kwanza. La mtoto asiyezungumza, wengine humu watakujibu vizuri kuliko mimi.

Kama sukari ya bibi iko chini ya 4 na hajaamka sawasawa, usimpe chochote mdomoni, hata maji ya sukari ambayo wanawe watakuwa wameshayakoroga. Mlaze ubavu, tafuta mshipa, tabibu aandike dekstrosi, na mrudie kipimo baada ya dakika 15. Waite pia wanawe uwaombe wakuletee kila kidonge kilichoko nyumbani, pamoja na vile vilivyofungwa kwenye pindo la kanga. Kisha uniandikie hapa mashine imesoma ngapi.